Pilipili imeniunguza mikono usiku huu ila kipimajoto kinasema niko sawa, mwili unadanganywa wapi?

MamaAchari, saa 6:48 usiku

Wakuu habari za usiku, maana hapa usingizi umekata kabisa. Mimi natengeneza achari na pilipili ya kusaga nyumbani, nauza kwenye vibanda vya chipsi na mihogo. Juzi kuna mteja kaagiza chupa 30 za ghafla, leo mchana nikanunua pilipili mbuzi ndoo ndogo, zile za njano zilizoiva mpaka zinanukia utamu, nikakaa chini nikazipasua zote na kutoa mbegu kwa mikono mitupu, glavu zilikuwa zimeisha nikajisemea aah, miaka sita nafanya kazi hii nimeshazoea. Mkono wa kushoto ndo ulioshika pilipili na kung'oa mbegu, wa kulia ulishika kisu.

Wakati nakata sikusikia kitu. Nimemaliza nimenawa na sabuni, nimekula, baadae kabisa mambo yakaanza, kwanza pembeni ya kucha za kushoto halafu kiganja chote, kama nimeshika sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi na siwezi kuiachia.

Nimejaribu kila kitu. Maji ya baridi yanatuliza ila nikitoa tu mkono moto unarudi. Mume wangu akasema osha na maji ya moto yale mafuta ya pilipili yatoke, jamani nilipiga kelele mtoto akaamka, na wala maji yenyewe hayakuwa ya moto, ni ya uvuguvugu ule ule ninaomuogeshea mtoto. Ndimu ikazidisha. Spiriti ya duka la dawa nayo ikawasha petroli.

Sasa swali langu sio dawa peke yake. Nimechukua kipimajoto cha mtoto nikakibana kiganjani mkono wa kushoto, 34.8. Kulia 34.5. Kwapani 36.6. Hakuna lengelenge, ngozi haijababuka, ina wekundu kidogo tu. Huu moto uko wapi? Nani anadanganya hapa, ngozi, mishipa ya fahamu au ubongo? Na maji ya uvuguvugu yanakuwaje moto? Baiolojia nilipata D kwa hiyo nielezeni taratibu.

MzeeWaSupu, saa 7:05 usiku

Pole dada. Achana na maji, pilipili ni mafuta. Chukua mafuta ya kula jipake usugue dakika mbili, futa na kitambaa, halafu sabuni ya vyombo, sio ya kuogea, rudia mara tatu nne. Na usiguse macho. Mimi iliwahi kunikuta nikaenda msalani kabla sijafikiria, sitaki kusimulia.

FundiSeli, saa 7:31 usiku

Fanya alichosema Mzee kwanza halafu ndo urudi kusoma, haya maelezo hayakimbii.

Umerudi? Haya. Kwenye hiyo ngozi kuna ncha za mishipa ya fahamu, nyembamba sana, na kwenye utando wa hizo ncha kumepachikwa protini inaitwa TRPV1. Ni kipokezi, lakini usikifikirie kama kitufe cha kengele, hiki ni mlango kabisa. Vipande vinne vinavyofanana vimekaa duara vikaacha tundu katikati. Tundu likifunga kimya, likifunguka ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kalisiamu zilizoko nje zinaingia ndani kwa fujo. Kwanini kwa fujo, kuna mambo mawili. La kwanza umeme. Ndani ya neva iliyotulia kuna hasi milivolti kama 70 ukilinganisha na nje, utasema hiyo kitu gani, betri moja ya rimoti ina milivolti 1500. Sawa, ila utando wenyewe una unene wa nanomita kama 5 tu, sasa gawanya uone, unapata volti milioni 14 kwa mita. Hewa kavu inapasuka cheche ikifika kama volti milioni 3 kwa mita. Yaani umekaa hapo kitandani na kila neva yako imebeba mvutano mkali kuliko ule unaorusha cheche hewani, ni vile tu umbali ni mdogo mno. La pili ni kwamba kalisiamu nje ipo nyingi kama mara elfu kumi kuliko ndani. Kwa hiyo mlango mmoja ukiachia zinapita ioni kwa mamilioni ndani ya sekunde, ile hasi inapungua, ikipungua vya kutosha neva inafyatua, ishara inakimbia mpaka uti wa mgongo na kutoka hapo kwenda ubongoni.

Sasa nani anafungua. Joto ni mmoja wao. Protini haikai imeganda kama tofali, inatetemeka muda wote, inafunguka na kufunga yenyewe, cha kuuliza ni inatumia sehemu gani ya muda wake ikiwa wazi. Kwenye joto la kawaida la ngozi kufunga kunashinda kwa mbali. Ukipandisha joto kufunguka kunapata nguvu, na hapa ndo huyu jamaa anaponishangaza kila siku: vimeng'enya vingi, zile protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, ukiviongezea digrii 10 kasi inaongezeka mara mbili, mara tatu, basi. TRPV1 mkondo wake unaongezeka zaidi ya mara 20. Ndo maana ukikaribia digrii 43 unahisi kama kuna mtu kawasha swichi, kumbe swichi hakuna, ni mlima uliosimama wima sana.

Mwingine anayefungua ni kapsaisini, ile kemikali ya pilipili. Inapenda mafuta, kwa hiyo haibaki juu juu, inazama kwenye ngozi, inafika kwenye mafuta ya utando wa neva, halafu inajibana kwenye kimfuko cha protini kilichoko ndani humo humo kwenye utando. Ndo maana wakati unakata hukusikia kitu, ilikuwa bado iko njiani, ngozi ya kiganja ni nene. Na ndo maana maji hayaing'oi. Ikishakaa kwenye kimfuko inauegemea mlango uelekee upande wa wazi, na sasa mlango hauhitaji tena digrii 43, hizo 34.8 zako zinatosha.

Kwa hiyo mama hakuna anayedanganya. Neva haibebi joto kwenda ubongoni, inabeba habari moja tu kwamba mlango umefunguka. Uko chumbani umesikia geti limelia, unajua kuna mtu kaingia, ila ni nani hujui. Kwa ubongo geti hili likilia maana yake ni moto, miaka yote imekuwa hivyo.

Na maji ya mtoto, hapo ndo utamu wenyewe. Joto na kapsaisini havina milango tofauti, vinausukuma mlango mmoja. Kapsaisini ilikuwa imeshausukuma nusu, umekuja na maji ya digrii 37 yakamalizia. Ndimu ni hivyo hivyo, tindikali inaigusa protini kwa upande wa nje na kuisukuma kulekule, kwenye ngozi nzima isingepenya ila nina uhakika wewe vidole vyako vina michubuko ya kisu. Spiriti nayo ilishapimwa, ethanoli, yaani pombe iliyomo, inashusha kizingiti, lile joto la kuufungua mlango, kutoka kama digrii 42 mpaka karibu 34, chini ya joto la damu yako. Ndo sababu gongo inachoma koo hata ikiwa imetoka kwenye friji.

MbishiHalisi, saa 1:12 asubuhi

Mkuu unaandika kama umeuona huo mlango kwa macho. Nina maswali. Kwanza mmejuaje kwamba ni protini moja inayoitikia pilipili na moto, isije ikawa ni mbili zimekaa jirani. Pili kama ni habari tu ya geti, huo wekundu kwenye mkono wa mama unatoka wapi, habari inabadilisha rangi ya ngozi? Tatu nilisoma sehemu kwamba vipokezi vinapeleka ujumbe kwa kupokezana kama kijiti cha mbio, hakuna mtu alitaja tundu.

FundiSeli, saa 2:40 asubuhi

Maswali mazuri hayo, ngoja nipate chai.

La kwanza. Mwaka 1997 David Julius na Michael Caterina na wenzao kule San Francisco walifanya kitu cha kijinga kwa akili sana. Walichukua neva za maumivu za panya, wakatoa ujumbe wa jeni zote zinazofanya kazi mle ndani, maelfu na maelfu, wakazigawa mafungu mafungu. Kila fungu wakaliingiza kwenye seli za figo zinazofugwa maabara, seli ambazo ukizimwagia pilipili hazina habari na wewe. Ndani ya seli waliweka rangi inayobadilika mwanga kalisiamu ikiingia. Halafu wakamwaga kapsaisini wakaangalia. Fungu hili kimya, hili kimya, hili likawaka. Wakaligawa hilo vipande, wakarudia, wakagawa tena, mpaka ikabaki jeni moja. Kisha wakazipasha moto seli zile zile za figo, zikaitikia joto. Jeni moja, kwenye seli isiyojua lolote, pilipili na moto vyote. Kwa hiyo hiyo habari ya majirani wawili inaishia hapo. Mwaka 2013 Julius na Yifan Cheng wakatoa picha ya protini yenyewe kwa kuigandisha ghafla na kuipiga kwa hadubini ya elektroni, unaona vipande vinne na tundu katikati. Julius alipata Nobeli 2021, akagawana na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, aliyepata vipokezi vya mguso.

Na kuuona kwa macho, mbishi wangu, nimeuona, kwa namna yake. Nasomea huku Ujerumani na mbinu yenyewe ilizaliwa huku, Göttingen, Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976. Unachukua kijibomba cha kioo ncha yake kama mikroni moja, unakisogeza mpaka kiguse seli, unavuta pumzi kidogo kwa mdomo kwenye mpira, utando unanasa kwenye kioo unabana kabisa. Ukiwa na bahati umenasa mlango mmoja tu. Kwenye skrini kuna mstari mnyoofu, halafu ghafla tup, unashuka ngazi moja, unakaa, unarudi, unashuka tena. Hiyo ngazi ni protini moja inafunguka na kufunga, mkondo wa pikoampia chache. Kwa kawaida hauna nusu ngazi. Ukiongeza kapsaisini ngazi haiwi ndefu, inashuka mara nyingi zaidi na kukaa chini muda mrefu zaidi. Halafu mtu anabamiza mlango wa korido, seli inachomoka, saa nne za kazi zimekwenda na hapo ndo unajifunza matusi ya Kijerumani.

La pili, wekundu. Neva ya maumivu sio waya wa kwenda tu. Ikifyatuka, ncha zake kule kule kwenye ngozi zinamwaga kemikali, moja inaitwa substansi P nyingine CGRP, zinatanua mishipa ya damu na kuifanya ivuje kidogo. Kwa hiyo habari ikishasema moto mwili unaanza kuzima moto ambao haupo, damu inakuja, ngozi inakuwa nyekundu. Ukila pilipili sana unatoka jasho kwa mtindo huo huo, mwili unajipoza na wala hujapata joto.

La tatu uko sahihi na mimi pia niko sahihi. Vipokezi viko vya koo nyingi. Hii ya tundu ni ya haraka, mlango ukifunguka umeme umeshabadilika hapo hapo. Ukoo mkubwa kuliko wote ni ule wa kupokezana kijiti, una kama jeni 800 kwa binadamu, na karibu theluthi ya dawa za hospitali zinaulenga. Kipokezi cha adrenalini kimo humo, ndo kazi iliyowapa Lefkowitz na Kobilka Nobeli ya 2012. Huyo hana tundu, kajipitisha kwenye utando mara saba, kitu kikikamata nje yeye anajipinda ndani, anaamsha protini ya jirani, hiyo inaamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinatengeneza molekuli nyingi, kila hatua sauti inakua. Ni polepole kidogo ila inakuza.

Na koo hizi mbili zinaongea. Umechomwa na jua mgongoni, jioni unaoga maji ya kawaida unaruka. Pale kwenye jeraha kuna kemikali inaitwa bradikinini, inashikwa na kipokezi cha ukoo wa kijiti, kijiti kinapita pita mpaka kwenye kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya TRPV1. TRPV1 ikishabandikwa inakuwa nyepesi kufunguka, kizingiti kinashuka mpaka karibu na joto la mwili. Maji ni yale ya jana, wewe ndo umebadilishiwa bawaba.

BintiMakunduchi, saa 4:03 asubuhi

Kumbe! Yaani urojo wetu Unguja ni fizikia tupu. Unakuja wa moto, ndani kuna ndimu na embe mbichi, juu unapigwa pilipili. Hapo mlango mmoja unasukumwa na watu watatu. Nikiuacha upoe pilipili inapungua ukali na sijatoa pilipili yoyote, sikuzote nilidhani ni akili yangu.

Na lingine, kuku wa bibi yangu wanadonoa pilipili kichaa mtini kama wanakula mtama. Wao hawana huo mlango?

FundiSeli, saa 4:20 asubuhi

Wanao, na kwao moto unaufungua na tindikali inaufungua, ila kapsaisini haiwaambii kitu. Ilipimwa 2002, TRPV1 ya kuku ina tofauti ndogo pale kwenye kimfuko, kapsaisini haishiki. Mpilipili unafaidika, ndege anameza mbegu nzima anaenda kuziacha mbali, mnyama mwenye magego angezisaga.

Urojo umepatia kabisa, sina cha kuongeza. Jaribu na kinyume chake: kula pipi ya minti halafu kunywa maji ya kawaida, yatakuwa baridi ya jokofu. Ni binamu yake TRPM8, alipatikana 2002, yeye anafunguliwa na baridi na mentholi.

Wa_Kitui, saa 5:47 asubuhi

Wadau nimeingia kwa hii stori nikiwa job na sijafanya kazi. Huku Kenya tuko na mnyama wa kuvunja hiyo hesabu yenu, fuko uchi, ile panya haina manyoya, inakaa chini ya ardhi huku kwetu mashariki na kaskazini, iko pia Ethiopia na Somalia. Watafiti walimdunga kapsaisini kwa mguu na hakushtuka. Wakamwekea tindikali, wapi, anakuangalia tu. Sasa kama kila kitu ni mlango si huyo hana mlango?

Nikafuatilia nikapata mlango anao na unafunguka vizuri, hata neva inafyatuka ukiipima. Shida iko mbele ya hapo. Zile neva zake za ngozi hazina hiyo substansi P mnaongelea, na vile zimeunganishwa kwa uti wa mgongo ni tofauti. Geti linalia lakini hakuna mtu ameamka. Na kwa tindikali ni ujanja mwingine, mwaka 2011 walipata mfereji wake wa sodiamu, ule wa kufyatua ishara, unazibwa na tindikali yenyewe, kwa hivyo kitu inafaa imuumize ndio inamnyamazisha. Wanasema ni kwa sababu wanaishi wengi kwa shimo moja, hewa chafu imejaa, kaboni dayoksaidi inafanya mwili uwe na tindikali, angesikia uchungu angelia maisha yake yote.

Kwa hivyo Fundi, na heshima, ile ya kusema neva inabeba habari moja tu ni sawa lakini maumivu bado hayajakuwa maumivu mpaka mtu apokee.

FundiSeli, saa 6:15 mchana

Nimekubali mkuu, nilikata kona hapo. Kipokezi kinageuza kitu cha nje kuwa umeme, ikishakuwa umeme kuna ofisi nyingine nyingi za kupita.

NesiWaZamu, saa 8:30 mchana

MamaAchari pole, umeamkaje? Mimi ni nesi niko Uingereza kwenye kliniki ya maumivu na hii pilipili yenu sisi ni dawa. Kuna kiraka cha kapsaisini asilimia 8, kinawekwa kwa wagonjwa wenye maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi, wale ambao hata shati likigusa mbavu wanalia. Tunabandika mpaka dakika 60 halafu tunakitoa, na mgonjwa anaweza kukaa kama miezi mitatu na nafuu. Saa ile ya kwanza ni ngumu, inawaka, tunawapoza kwa vifurushi vya barafu, kuna babu mmoja aliniambia nesi wewe mbona umeniwekea pasi.

Jinsi inavyofanya kazi inafuata alichosema Fundi. Mlango unaachwa wazi muda mrefu mpaka kalisiamu inajaa ndani kupita kiasi, kwanza kipokezi chenyewe kinachoka kuitikia, halafu ncha za neva zinanyauka na kurudi nyuma, inabidi ziote upya. Ndo kule kuzoea unakosema umezoea, mama. Nyie mnaokula pilipili mnaishi na kipande kidogo cha hicho kiraka kila siku.

Na la kazi yako: sisi hatutumii glavu za lateksi kwa kiraka hiki, kapsaisini inapenya. Tunavaa za naitrili, zile za bluu. Tafuta hizo.

MbishiHalisi, saa 9:02 alasiri

Kama mlango ndo chanzo cha maumivu yote haya si watengeneze kidonge cha kuuziba tu, mnazunguka na viraka vya nini.

FundiSeli, saa 9:44 alasiri

Walitengeneza, na vikaziba kweli. Tatizo likaja kwenye kipimajoto. Watu waliojitolea kuvijaribu joto la mwili likapanda, wengine mpaka kwenye digrii 40. Inaonekana mwili unautumia mlango huu kila saa kujipima kama uko sawa, ukiuziba unadhani uko baridi na kuanza kujipasha. Na baadhi ya dawa hizo zikawafanya watu washindwe kujua maji haya ni ya moto wa kuunguza au ya kuoga tu. Fikiria unashika bakuli la uji unaochemka na unajisikia raha. Ndo maana mpaka leo wanahangaika kupata dawa inayoziba upande mmoja wa mlango na kuacha mwingine, izuie tindikali na uvimbe ila isiguse joto. Ni kazi kwa sababu kama tulivyosema wote wanausukuma huo huo.

MamaAchari, saa 3:18 usiku

Wapendwa nimerudi. Mafuta na sabuni ya vyombo mara nne, nikalala saa tisa usiku. Asubuhi mkono ulikuwa unanguruma tu kwa mbali, nikasema ngoja nimpime huyu Fundi kama ni muongo. Nimejaza beseni maji ya uvuguvugu, kipimajoto kikasema 37.2. Mkono wa kulia, maji ya kawaida kabisa, mazuri. Kushoto nikauchomoa kabla sijahesabu tatu. Nikaongeza maji ya bomba kikombe kikombe, kila mara naingiza yote miwili. Kwenye 36 kushoto bado inachoma, kwenye 34 inachoma kidogo kama sindano, nikaongeza tena kipimajoto kikaandika Lo kikagoma, na hapo ndo moto ukaisha. Beseni moja mikono miwili mimi mmoja. Mtoto alikuwa ananiangalia anadhani ni mchezo, naye akaingiza yake.

Ila jioni hii kuna jambo limegeuka. Nimeshika kikombe cha chai kushoto nikawa nakunywa vizuri, nikakihamishia kulia nikakiweka chini haraka, kilikuwa cha moto. Kushoto hakikuniambia.

NesiWaZamu, saa 3:40 usiku

Hiyo ndo kunyauka niliyosema. Kwa siku kadhaa mifuniko na masufuria shika na mkono wa kulia au kitambaa, na maji ya mtoto pima kwa kiwiko au kwa hicho kipimajoto, mkono wa kushoto usiuamini. Hisia ikikaa wiki haijarudi, au ukiona lengelenge, nenda ukaonyeshe.

MamaAchari, saa 3:52 usiku

Sawa dada nesi, asante sana, naitrili nimeshaagiza boksi moja. Na chupa 30 zimefika kwa mteja leo mchana. Kapiga simu saa hizi analalamika eti safari hii pilipili haijakolea.